Bodaboda hawasemi ukweli wanaliwa shilingi ngapi kwenye mikeka, wastani naupataje?

mwanachuo_dom: Wakuu habari za mchana, naombeni msaada niko kwenye dizatesheni. Nimechagua bodaboda 400 hapa Dodoma, nawauliza wiki iliyopita umeliwa shingapi kwenye mikeka ya kubeti. 260 wamejibu, wastani elfu 6, 140 wamegoma kabisa, na hata hao waliojibu kuna mtu anakwambia "mi sibeti" huku kashika simu anaangalia odi mbele yako 😅 Sa nikiandika 6,000 si nitakuwa nadanganya?

mzee wa sampuli: Una magonjwa mawili mkuu, usichanganye dozi. La kugoma lina dawa ya zamani sana, Hansen na Hurwitz wa Marekani waliiandika 1946. Waliogoma usiwatupe, chagua robo yao kwa bahati nasibu, yaani 35, hao sasa uwafuate mpaka wajibu. Tuseme wastani wao umetoka 12,000, hao 35 wanasimama badala ya wote 140, so (260×6,000 + 140×12,000) gawa kwa 400, unapata 8,100. Wengi wanateleza hapo wanaweka 35 badala ya 140, inatoka 6,712 na wanaona poa tu.

dadatakwimu: Na hao wa "sibeti" watumie vikaratasi. Mtafiti Warner ndo alianzisha wazo la kuficha jibu la mtu kwa bahati nasibu 1965, kwa maswali ya ndiyo na hapana, baadae watu wakalipeleka kwenye namba. Mfukoni weka vikaratasi tisa, 1,000 mpaka 9,000, jamaa achomoe kimoja asikuonyeshe, ajumlishe na alicholiwa akutajie jumla tu, akirudishe. Mwisho kwenye wastani unatoa 5,000, ndo wastani wa vikaratasi vyenyewe. Kwa watu 260 vikaratasi peke yake vinakuongezea kosa sanifu (yaani kuyumba kwa wastani) la kama shilingi 160, hiyo si kitu. Ila mtu aliyeliwa 50,000 akikutajia 54,000 si ushamjua? Itabidi upanue namba, na ukipanua wastani unazidi kuyumba, hapo hamna cha bure.

kijiwe_researcher: Mi vikaratasi nilipeleka kijiweni wakaniuliza "hii nayo inalipa ngapi" 😂 Elezea taratibu, wakidhani ni kamari nyingine umeisha. Alafu kuna kitu hamjagusa, mtu anakumbuka mkeka uliotiki, iliyochanika kasahau, hiyo sio uongo na kikaratasi hakiisaidii. Anayesema elfu 10 kumbe 9,300 na anayesema elfu 10 kumbe 10,600 wanakaribia kufutana, lakini wote wakisahau upande mmoja hata uhoji elfu nzima wastani unabaki umepinda. Waombe wachache wafungue meseji za miamala ya simu ulinganishe na walichosema, utajua umepinda kiasi gani.

mwanachuo_dom: Asanteni sana aisee. Shida sasa hao 35, wengine washahama kijiwe.

mzee wa sampuli: Mwone mwenyekiti wa kijiwe, namba zao anazo. Na usibadilishe aliyehama kwa uliyemkuta, huyo aliyehama ndo unamtaka.