Mrejesho: Faiba ya kijijini na ya mjini

Ndugu zangu, niliuliza kama mtandao wa faiba wa kijiji chenye nyumba zilizotawanyika unaweza kujengwa kwa mpangilio uleule wa mjini, yaani splita (kifaa cha kugawa mwanga wa faiba moja) moja ya 1:32, inayogawa kwa njia 32, karibu na wateja. Nawashukuru mlionijibu, ushauri wa kuugawa mwanga kwa hatua mbili ndio tulioufuata.

Tumeweka splita ya 1:4 njia panda na za 1:8 vitongojini, kebo ikipita juu ya nguzo. Splita hizo mbili kwa pamoja hula takriban desibeli 17.5 (kipimo cha mwanga unaopotea njiani), kilomita 14 za kebo, kwa 0.35 kila kilomita, hula 4.9, viungio na konekta tumevikadiria 2. Jumla ni 24.4, ilhali GPON (mfumo wa faiba moja kuhudumia wateja wengi kwa splita) ya daraja B+ inaruhusu upotevu wa hadi 28, hivyo imebaki akiba ya kuunganisha kebo itakapokatika, maana itakatika tu.

Nyumba moja ilisoma −29 dBm, yaani mwanga ulioifikia ulikuwa hafifu mno. Tulikuta kebo imekunjwa kwenye kona ya dirisha na kubanwa kwa msumari. Tulipoilegeza, kipimo kilipanda hadi −22.

Mjini umbali haukutusumbua hata kidogo. Kilichotukwamisha ni vibali vya kukata barabara, na kwa kuwa gharama kubwa ya kazi hii imo katika kuchimba, wala si katika faiba yenyewe, tumekodi nafasi ndani ya mabomba yaliyokwisha kufukiwa. Mitaro mipya imebaki ya vipande vifupi vya kuingilia majengoni.