Mrejesho: kazi nimehama, Mbeya sijahama

Wakuu, niliuliza niache kazi ya kutunza mfumo wa kompyuta wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) hapa Mbeya nikajiunge na kampuni ya Dar, au nitulie. Wengi mlisema niondoke. Basi nimeondoka, ila bado nipo Uyole, maana wamekubali nifanyie kazi nyumbani. Mkataba wa zamani haukutaja notisi, nikatoa siku 28 kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inavyotaka kwa wa mshahara wa mwezi.

Mshahara umepanda, sawa, lakini utamu uko kwingine: programu yangu ya kwanza wenzangu wa kazi mpya waliirudisha ikiwa na maoni kila mstari. Kule SACCOS nilikuwa peke yangu, nani angenikosoa? Tatizo umeme. Ukikatika katikati ya kikao, nahamia simu.