Acheni kufundisha kwamba kuandika 300 kwenye Photoshop kunasafisha picha

Wakuu, ninaandika uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kazi yangu ni kuandaa mafaili kabla hayajachapwa katika duka moja la uchapaji hapa Kariakoo, na kila mara ninapokea faili la bango lenye picha iliyochakaa, kisha mbunifu aliyelileta ananiambia kwa kujiamini kwamba ameshaweka 300 kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, hivyo kama kuna tatizo basi ni la mashine yetu. Wengi wao ni vijana waliolipia mafunzo ya mtandaoni kwa fedha zao wenyewe, wakauziwa uongo kwamba namba hiyo inasafisha picha.

Picha ya kidijitali ina idadi yake ya pikseli, yaani vinukta vya rangi vinavyoiunda, na hiyo ndiyo mali yote iliyo nayo. Namba 300 inaeleza tu ni pikseli ngapi zipangwe katika kila inchi ya karatasi. Ukifungua dirisha la Image Size, ukaondoa tiki kwenye Resample na kubadilisha 72 kuwa 300, haiongezeki hata pikseli moja. Kinachopungua ni ukubwa ambao picha itachapwa. Ukiiacha tiki hiyo, programu itaongeza pikseli kweli, lakini itazikisia kutokana na zile za jirani, na ndiyo maana nyuso zinatoka laini kama nta na kingo za nembo zinaingia ukungu. Programu za akili mnemba zinazokuza picha nazo hubuni kile ambacho kamera haikukiona. Kwenye majani na mawingu huenda mtazamaji asigundue, lakini kwenye sura ya marehemu iliyowekwa katika bango la msiba, watoto wake watagundua mara moja, na hakuna maelezo ya kitaalamu yatakayowatuliza.

Hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu. Ukurasa wa A4 kwa pikseli 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Picha ya pikseli 1600 kwa 1200, ambayo ni saizi inayoonekana sana kwa picha zilizopitia WhatsApp, inatosha eneo la takriban sentimita 13.5 kwa 10. Itandaze kwenye A2, karatasi iliyo kubwa mara nne ya A4, na utabaki na pikseli 68 hivi kwa inchi. Bango kubwa la barabarani linaweza kuvumilia kiwango hicho kwa sababu hutazamwa kutoka mbali, lakini kadi ya harusi inayoshikwa mkononi haivumilii kamwe.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba njia sahihi haina gharama. Mwombeni mteja atume picha halisi iliyo kwenye simu yake kama dokumenti, wala si kama picha ya kawaida. WhatsApp yenyewe imeruhusu mafaili ya hadi GB 2 tangu 2022, na dokumenti hufika bila kupunguzwa. Nembo iombwe ikiwa ya vekta, yaani iliyochorwa kwa mistari ya kihesabu badala ya pikseli, katika PDF, SVG au AI (faili la programu ya kuchorea ya Illustrator), ili ikuzwe kwa ukubwa wowote bila kuharibika. Na tafadhali, kuiingiza picha ya kawaida ya JPEG ndani ya Illustrator na kuihifadhi kwa jina la AI hakuifanyi kuwa vekta, jambo ambalo ninalazimika kulieleza kwa watu wanaojitangaza kuwa wataalamu. Kazi inayoendelea ihifadhiwe katika PSD au TIFF, kwa kuwa JPEG hupoteza sehemu ya taarifa zake kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya.

Mteja akishaikataa kazi, duka linadaiwa lichape upya bure, na kijana anampoteza mteja ambaye pengine alimtafuta kwa muda mrefu, huku aliyemfundisha akiendelea kuvuna ada za kundi lingine.

Kwa hiyo ninawaambia ninyi mnaouza mafunzo hayo: liondoeni somo hilo. Wafundisheni wanafunzi kuitazama picha kwa asilimia 100, yaani kwa ukubwa wa pikseli zake halisi kwenye skrini, na kugawanya pikseli zake kwa inchi za karatasi kabla hawajagusa rangi wala fonti. Na wale ambao tayari mmewatoza fedha, waandikieni mwaeleze kwamba mliwafundisha vibaya.