Majivu ya pumba na tope la kabaidi kwenye plasta: vipimo vikoje?

Mjenzi_Ifakara
Wakuu, habari. Huku pumba za mpunga zimejaa kwenye vinu, na wachoma tofali wakibomoa tanuru wanaacha rundo la majivu. Gereji nazo zina mashimo ya lile tope la kijivu linalobaki baada ya kutengeneza gesi ya kuchomelea. Nyumba ni ya vyumba vitatu, nataka kupunguza simenti kwenye plasta. Vipimo vikoje, na nini kinaweza kuharibu ukuta? Simenti iliyopo ni ya daraja la nguvu 32.5.

Fundi Chokaa
Mkuu, tope hilo ni chokaa. Kabaidi ikikutana na maji hutoa gesi ya asetilini, inayobaki ni chokaa iliyokwisha zimwa, yaani imeshakunywa maji yake. Ukijivu wake ni kaboni, hauna madhara ukutani.

Kinachoharibu ni chembe ambazo hazijaiva, yaani hazijamaliza kuzimwa na maji. Zikiingia kwenye plasta zinakunywa unyevu polepole, zinavimba, na baada ya wiki kadhaa kipande cha duara kinaruka. Ukichungulia ndani ya kishimo utaona kidoa cha unga katikati. Ndiyo hiyo chembe.

Kwa hiyo chota tope lote ulitie kwenye shimo jingine, maji yalifunike kwa sentimita 10, ulikoroge kila baada ya siku mbili, kwa wiki 4. Kisha lichuje kwa wavu wa mbu wa dirishani. Ukikoroga likawa bado linatoa mapovu na harufu kali ya kitunguu saumu, liache liendelee. Shimo liwe mahali pa wazi, pasiwe na moto wala sigara karibu, maana gesi hiyo inalipuka. Vaa glovu na miwani. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, halafu hospitali moja kwa moja.

Pumba_na_Silika
Upande wa majivu, rundo la tanuru lisikudanganye. Pumba zikiungua chini ya nyuzi 700 hivi, silika yake (madini yaliyomo kwenye pumba) inabaki hai na inashikana na chokaa. Moto wa tanuru la tofali huvuka hapo, silika inageuka fuwele, unabaki na vumbi tu. Majivu meupe yenye upinki uyaache. Meusi nayo yana kaboni nyingi: yanakunywa maji, plasta inasinyaa na kupasuka. Tafuta ya kijivu.

Ni afadhali uchome mwenyewe kwenye pipa lenye matundu, pumba ziungue taratibu bila kushindiliwa. Tani 1 ya mpunga hutoa kama kilo 200 za pumba, na hizo zinakupa kilo 40 tu za majivu. Lazima yasagwe hadi yalainike kama simenti, na usitumie mashine ya unga wa kula. Vaa barakoa, vumbi hilo ni baya kwa mapafu.

Kuyapima: chokaa 1, majivu 2, maji kidogo, finyanga donge. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa siku 7, kisha litumbukize majini. Likiyeyuka, majivu yamekufa. Mfuko ni muhimu, kwa sababu chokaa ikipata hewa hukauka yenyewe na kipimo kitakudanganya.

Kipimo_Sahihi
Soma mfuko wa simenti kwanza. Iliyoandikwa CEM II/B-P tayari ina pozolana (unga unaoshikana na chokaa, kama hayo majivu) asilimia 21 hadi 35, na CEM IV/B ina 36 hadi 55. Ukiongeza majivu humo, plasta inachelewa kushika na ukiikwaruza kwa msumari inatoka unga. Kwa simenti za aina hizo acha majivu kabisa, tumia chokaa: nje ndoo 1 ya simenti, 1 ya chokaa, 6 za mchanga, ndani 1, 2 na 9. Ukitaka majivu, nunua CEM I 42.5, ambayo haijachanganywa pozolana, toa kilo 5 za simenti kwa kila mfuko wa kilo 50 na uweke kilo 5 za majivu. Lowesha ukuta kwanza, unene milimita 12 hadi 15. Mwagilia siku 7. Yenye majivu siku 14. Nguzo, lenta na slabu usijaribie mchanganyiko huu.

Mjenzi_Ifakara
Nimeelewa, nitaanza na chokaa tu. Maji niweke kiasi gani, kwa kuwa tope lenyewe ni bichi?

Fundi Chokaa
Karibu nusu ya uzito wa tope ni maji. Changanya simenti na mchanga vikiwa vikavu, tia tope, pindua kwa beleshi mara tatu nne, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Ukiyatanguliza maji, yatazidi na plasta itateleza ukutani.