Farasi si mkaidi, boksi lenu ndilo dogo! Uzi kwa wanaouza trela za farasi Nairobi

Wadau, hili jambo nimelimeza vya kutosha, leo nalitapika. Mimi ni saisi, kazi yangu ni farasi, niko upande wa Karen, na nimechoka na neno moja: mkaidi. Farasi mkubwa akikataa kupanda trela, mkaidi ni yeye. Asipokuwa yeye, basi saisi hajui kazi. Trela yenyewe haiulizwi chochote. Sijaona mnunuzi akichukua tepu ya fundi, akaingia ndani, akapima.

Kisa ni hiki. Madam wangu ana farasi wa kuruka vizuizi, damu ya Ulaya, hendi 17 na inchi 1. Kwa wasiokaa na farasi: hendi moja ni inchi 4, kwa hiyo huyu ana karibu sm 175 kutoka ardhini hadi mabegani. Hapo shingo na kichwa bado hujahesabu. Wengi tulionao huku ni wastaafu wa mbio pale Ngong, wembamba, hendi 16 hivi, na trela nyingi zinazozunguka mjini zinawatosha hao. Huyu wetu ni mnyama mwingine kabisa.

Madam akaona tangazo: trela ya farasi wawili wakubwa, imetoka Uingereza, hali safi. Akalipa. Mimi nimeitwa wakati imeshaegeshwa uani, imeoshwa, imepigwa rangi ya kijani inayong'aa, hata tairi zimepakwa ile dawa ya kuzifanya nyeusi. Nikaingia na tepu. Dari pale katikati, sm 213. Mlangoni juu ya rampu kuna chuma kimepita, kinashusha hiyo nafasi hadi 203. Kizuizi cha katikati kimefika mpaka sakafuni, na kila farasi amegawiwa upana wa sm 78. Kutoka chuma cha kifuani hadi chuma cha nyuma, 190.

Sasa pigeni hesabu wenyewe. Farasi wetu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako ni sm 180. Amebakiwa na sm 10 za kuishi. Juu ya mabega yake kuna sm 38, na humo ndimo anatakiwa atie shingo na kichwa. Wakubwa gani hao mlioandika kwenye tangazo?

Nikampigia muuzaji. Jibu lake: "Hiyo ni saizi ya kawaida, farasi wote wanaingia, wenu hajafundishwa tu." Akamtuma kijana wake aje atuonyeshe. Kijana amekuja na kiboko na kamba ndefu ya kupitisha nyuma ya matako. Nikamwambia kiboko akirudishe kwenye gari. Kamba akaitumia. Farasi akapanda, nusu kwa kusukumwa, nusu kwa kushawishiwa na ndoo ya pumba. Halafu huyo kijana, chuma cha nyuma kikiwa bado wazi, akaenda mbele akamfunga kichwa!

Hapa niseme polepole, maana kuna watu wananunua trela na hawajui hata hili. Ukipandisha, chuma cha nyuma kinafungwa kwanza, ndipo kichwa kinafungwa. Ukishusha, kichwa kinafunguliwa kwanza, ndipo chuma cha nyuma kinatolewa. Farasi anayejiona nyuma kuko wazi atarudi nyuma. Akirudi, kamba ikimkaza utosini, anaingiwa na hofu na anavuta kwa uzito wake wote. Ndivyo ilivyokuwa. Kamba ikakatika, akatoka kinyumenyume kichwa kikiwa juu, akakutana na kile chuma cha mlangoni. Amepasuka kati ya masikio, damu ikamteremkia hadi kwenye nyusi. Daktari wa mifugo akaja kushona. Tangu siku hiyo akisikia rampu inashushwa, ule mlio tu wa mbao kugonga lami, anaanza kutetemeka mapaja.

Na muuzaji akasema nini? "Niliwaambia huyo ni mkaidi." Pesa harudishi. Ati ilinunuliwa ilivyo.

Wiki hiyohiyo tulikuwa na safari ya Gilgil. Tukakodi lori la farasi, dari lake juu, mwanga unaingia pande zote, nafasi pana. Farasi yuleyule, kidonda kikiwa bado na nyuzi, akanusa rampu, akasimama kidogo, akapanda. Nyasi mdomoni! Hakuna kamba, hakuna kijana, hakuna kelele. Mkaidi amekwenda wapi?

Nawaeleza sababu, kwa sababu wauzaji hawatawaeleza. Farasi anabeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Gari likikata kona hana chuma cha kushikilia kama abiria wa matatu. Anachoweza ni kupanua miguu na kutumia shingo na kichwa kujisawazisha. Mnyime nafasi ya shingo, umemnyima breki zake mwenyewe. Na kizuizi kikifika sakafuni, miguu haina pa kupanukia, kwa hiyo anaegemea ukuta na kupiga mateke. Huko mbele dereva anahisi trela ikiyumba, akifika anasema farasi ana fujo. Kizuizi cha maana kinaishia usawa wa tumbo, chini yake inaning'inia mpira tu.

Tena kuna kichwa. Safari ndefu farasi akiwa amefungwa kichwa juu, kamasi na vumbi haviwezi kutoka puani. Vinateremka kwenye mapafu, na baada ya siku mbili una homa, baadaye nimonia. Ndiyo maana tukienda mbali tunasimama kila baada ya saa chache, anaachiwa kamba, anashusha pua mpaka magotini, anapiga chafya mbili tatu nzito, anakunywa maji. Kwenye boksi la sm 190 hawezi kushusha kichwa, chuma cha kifuani kimeshamkaba. Kwa farasi wa ukubwa huu mimi siangalii kitu chenye dari chini ya sm 230, upana chini ya 90 kwa kila mmoja, na urefu chini ya 210 kati ya vyuma viwili. Mtu asije hapa kuniambia mimi ni mchaguzi sana. Asiyetaka kuchagua anunue mbuzi.

Sasa uzito, na hapa ndipo muuzaji alinichemsha zaidi. Kwenye kibati cha trela pameandikwa kilo 2,600. Yeye akamwambia madam kwamba inabeba kilo 2,600. Uongo mtupu! Hiyo ni jumla ya vyote: trela yenyewe, farasi, nyasi, maji, matandiko. Trela tupu ni kama 950. Uzito wa farasi bila mizani unapata kwa tepu: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa urefu wa mwili, gawanya kwa 11,880, vyote kwa sentimita. Wetu ana mzunguko wa 210 na urefu wa 180, inatoka kilo 668. Mwenzake wa kawaida ni 500. Jumlisha na trela, umepita kilo 2,100 kabla hujatia hata gunia la nyasi. Trela inaruhusu, sawa. Lakini gari la madam? Kitabu chake kinasema linavuta kilo 1,500 trela ikiwa na breki. Muuzaji aliliona hilo gari, akacheka, akasema "hii inavuta tu".

Kuvuta si shida, bwana. Shida ni kusimama. Chukua ile barabara ya kushuka kutoka Rironi kwenda Mai Mahiu, kona juu ya kona, malori yamekufunga mbele na nyuma, na nyuma yako kuna tani mbili zinazosogea zenyewe. Breki za trela hizi zinafanya kazi kwa trela kusukuma gari. Sasa mteremko wote inasukuma, kwa hiyo breki zinakamata njia nzima, zinapata moto, na zikishapata moto zinaanza kukosa nguvu. Unateremka kwa gia ndogo na gari zito, kitu kama Land Cruiser pikapu inayoruhusiwa tani 3.5. Ukienda na gari la kupelekea watoto shule, basi ombeni Mungu mkipita pale kwenye kale kanisa ka Waitaliano.

Nikakagua na chini, maana kufikia hapo nilishajua namshughulikia mtu wa aina gani. Nikainua lile zulia la mpira. Mbao zimekuwa nyeusi, nikachomeka bisibisi ikaingia kama sm 2 bila kusukuma. Mkojo wa farasi unaozesha mbao, na hata aluminiamu unaila usipooshwa. Farasi wa kilo 668 anasimama kwa kwato nne juu ya hiyo mbao, barabarani, kwa kasi. Akitoboka mguu ukafika lami, sitaki hata kuandika kinachofuata. Tairi nazo zilikuwa na kashata nzuri kabisa, kwa sababu trela haitembei kila siku. Lakini soma ubavuni, tarakimu nne za mwisho: 2214, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2014. Chini ya ile dawa nyeusi kulikuwa na nyufa unazoweza kutia ukucha. Waya wa usalama, ule unaovuta breki ikiwa trela imechomoka kwenye gari, haukuwepo kabisa. Nilipouliza akasema "huo si lazima".

Jua kali nao wasifikiri nimewasahau. Wapo mafundi wazuri, nimeona kazi zao, na kwa farasi mkubwa kutengenezewa boksi lake kunaweza kuwa jibu zuri. Lakini wengine wanachomelea mabomba mazito na mabati manene mpaka trela tupu inafika tani moja na nusu, breki hawaweki, na madirisha wanatoboa mawili madogo juu. Farasi akitoka kwenye jua la saa sita akaambiwa aingie kwenye shimo jeusi, atakataa. Macho yake yanachukua muda kuzoea giza. Weka mlango wa mbele ufunguliwe aone kwa kupitia, paka rangi nyeupe ndani, na uone kama atasumbua.

NYONGEZA, naona mmeanza kujibu:

Aliyesema tutoe kizuizi cha katikati tumpakie peke yake: inawezekana, ikiwa vyuma vya kifuani na nyuma ni vya upana mzima wa trela. Hii yetu ina vifupi, vimeshikiliwa na hicho kizuizi. Ukikitoa hakuna kinachomzuia, atageuka humo ndani. Na dari linabaki lilelile. Halafu mkibeba mmoja kwenye trela ya wawili mkiacha kizuizi, mwekeni upande wa kulia, wa dereva, maana barabara zetu zinalalia kushoto.

Aliyesema zile trela za kusimama kimshazari: kwa farasi wa hendi 15 nzuri. Mrefu kama huyu, mshazari unaishia kwenye upana wa trela, kwa hiyo matako yanagusa ukuta na pua inagusa ukuta.

Na wewe uliyeandika "farasi wa siku hizi wamedekezwa", njoo uani kwetu, nikufunge kichwa ndani ya hilo boksi nusu saa, tuzungumze vizuri baadaye.

Muuzaji, najua unasoma hapa. Jina lako sijaliandika. Madam anataka pesa yake au trela inayolingana na tangazo, na bili ya daktari ipo.

Wengine wote: natafuta trela ya farasi mkubwa au lori dogo lililokwishageuzwa. Atakayeweka tangazo hapa chini aandike urefu wa dari mlangoni na ndani, upana wa kila nafasi, urefu kati ya vyuma, uzito ikiwa tupu, na zile tarakimu nne za tairi. Na picha ya sakafu, zulia likiwa limeinuliwa. Kwa kuangalia tuko tayari kuja hata Nanyuki.