Naombeni ushauri: mama apigwe nusu kaputi au ganzi tu?

Binti Mkubwa: Wakuu habari zenu. Mama yangu, miaka 61, anapasuliwa Alhamisi. Nimesoma kwamba nusu kaputi inashusha kinga ya mwili, ganzi haishushi. Nimeshamwambia akatae usingizi. Nimekosea? Silali.

Kapteni: Pole dada. Mimi nilichomwa sindano ya mgongo wakati wa henia. Niliwasikia wakibishana mpira huku wananishona! Baadaye kichwa kiliniuma siku nne, nafuu mpaka nilale chali.

Mama Wawili: Upasuaji wa nini? Anatumia dawa gani?

Binti Mkubwa: Titi. Ana sukari, anameza vidonge.

Mzee Kibasila: Mtangulizeni Mungu. Mnasoma kwenye simu halafu mnamfundisha daktari kazi.

Chuma: Titi na sindano ya mgongo wapi na wapi? Ile inatia ganzi tumbo kushuka miguuni. Hii umetunga.

Binti Mkubwa: Kaka, natamani ningekuwa nimetunga. Daktari wa usingizi alisema sindano za ganzi zinachomwa kando ya uti wa mgongo, usawa wa kifua. Ni kansa. Nilishindwa kuliandika hilo neno.

Wa Thieta: Ganzi hiyo ipo. Kisu kikipita, neva hupeleka taarifa ubongoni. Homoni za msongo, kortisoli na adrenalini, zinapanda, sukari nayo, na seli zinazowinda kansa zinalegea. Ganzi inaikata taarifa njiani, ndiyo maana ilitumainiwa ingezuia kansa kurudi. Ikapimwa kwa wanawake zaidi ya 2,000 wenye kansa ya titi, majibu yakatoka kwenye jarida la Lancet 2019. Waliopewa ganzi hiyo na usingizi wa mshipani, na waliopewa usingizi wa gesi, iliwarudia sawasawa, kama asilimia 10. Usimtie mama hofu ya usingizi. Ila swali la dawa hujalimaliza.

Binti Mkubwa: Warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, tangu damu igande mguuni. Hatujasema. Wakijua wataahirisha, na nafasi hii tumeisubiri miezi mitatu. Kansa inasubiri?

Wa Thieta: Dada, sema leo! Sindano ikitoboa mshipa karibu na uti wa mgongo, damu isiyoganda inaweza kukandamiza neva, mama akapooza. Hata bila ganzi, kwenye kisu atavuja. Wao ndio wanajua aisimamishe lini.

Mama Wawili: Umepiga?

Binti Mkubwa: Mara mbili, hawapokei. Nimepanda bodaboda, naenda mwenyewe.