Mjadala: Mtaa wa Wayahudi wa Kochi uhifadhiwe kwa ajili ya nani?

Mchangiaji aliyenitangulia ameeleza kwamba, kwa kuwa Wayahudi wa Mattancherry, katika jiji la Kochi nchini India, karibu wote wamekwisha kuhama au kufariki, ni afadhali sinagogi lao likabidhiwe serikali liwe makumbusho, na mtaa waachiwe wafanyabiashara. Hoja yake ina uzito, wala siwalaumu wenye maduka ya viungo na vitu vya kale wanaotafuta riziki pale. Hata hivyo naona amelitazama jengo akawasahau watu.

Sinagogi la Paradesi lilijengwa mwaka 1568, jirani kabisa na kasri la mfalme wa Cochin (jina la zamani la Kochi) aliyewapa Wayahudi hifadhi. Mgeni huvua viatu kabla ya kuingia, na mara macho yake huvutwa na sakafu, yenye vigae vya kauri vya buluu na nyeupe vilivyochorwa kwa mkono, vilivyoagizwa kutoka Uchina katika karne ya 18. Maelezo wanayopewa watalii yasiishie hapo. Wazao wa watumwa walioachwa huru, ingawa walikuwa Wayahudi wenye kushika dini kama wenzao, hawakuruhusiwa kuketi ukumbini pamoja na wazao wa waliowamiliki babu zao, wala kuitwa kusoma Torati. Abraham Barak Salem, mwanasheria aliyezaliwa katika jamii hiyo mwaka 1882, aliupinga ubaguzi huo kwa njia ya amani aliyoifuata Gandhi, mpaka vizuizi vikaanza kulegea. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, tunaojua jinsi asili ya utumwa inavyoweza kumwandama mtu hadi kitukuu, hatuwezi kulipita jambo hilo kimya.

Baada ya Israeli kuundwa mwaka 1948, Wayahudi wengi wa Kochi walihamia huko, na leo wanaume 10 wanaohitajika ili sala ya jamaa isimame hawapatikani mtaani pasipo wageni. Kwa sababu hiyo hiyo napendekeza funguo zibaki mikononi mwa Wayahudi wenyewe, hata kama ni wale wachache waliobaki ng'ambo ya maji, Ernakulam, sehemu ya jiji iliyo upande wa bara, ili Myahudi msafiri akifika siku ya Sabato akute nyumba ya ibada. Na habari za Salem ziandikwe penye mlango, mahali ambapo kila mtu huinama kuvua viatu vyake.